Uzi maalumu: Windows 10 haihudumiwi tena. Tuhamie 11, tuende Linux, au tubaki tulipo?

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu. Naomba tulijadili hili kwa hoja, maana kila linapoguswa watu wanagawanyika na kila upande unamwona mwenzake hajui kompyuta.

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama. Kesho yake mashine ziliwaka kama kawaida, faili zikafunguka, printa zikachapa. Ndiyo maana wengi wanaamini kelele zote hizi lengo lake ni kuuza kompyuta mpya tu. Sikubaliani nao, ila naelewa hasira yao inatoka wapi.

Inatoka kwenye masharti. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au Ryzen ya AMD kuanzia mfululizo wa 2000, ukiacha chache zilizoruhusiwa pembeni. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayozuia programu ngeni kuwaka kabla ya Windows), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. RAM na nafasi karibu kila mtu anazo. Kinachoangusha watu ni prosesa. Mashine ya mwaka 2016 yenye RAM ya GB 16 na SSD, iliyotunzwa vizuri, inakataliwa. Kimashine dhaifu cha Celeron chenye GB 4 kilichotoka miaka minne baadaye kinakubaliwa, kisha kinajikokota mpaka unachoka. Mwenye ile ya kwanza ana haki kabisa ya kuudhika.

Pamoja na hayo, msimamo wangu ni huu: mjadala wa mfumo upi mzuri tuuache wa mwisho. Kwanza andika programu ambazo ukizikosa kesho asubuhi, kazi inasimama. Pili jiulize hiyo mashine inaingia intaneti, na imebeba nini: akaunti za benki, barua pepe, nyaraka za watu wengine? Ukishajibu hayo mawili, chaguo lako linakuwa limebaki moja au mawili, si kumi.

Kwa mashine inayoingia intaneti, kubaki kwenye 10 bila masasisho mimi sikushauri mtu. Kila mwezi Microsoft inatoa viraka vya usalama. Kiraka cha 11 kikitoka, wahalifu wanakichambua kujua tundu lilikuwa wapi, halafu wanaangalia kama tundu hilohilo lipo kwenye 10, kwa sababu mifumo hii miwili inachangia sehemu kubwa ya msimbo. Kwa hiyo kadiri 11 inavyozibwa, ndivyo 10 inavyozidi kuanikwa.

Upo mpango wa ESU, yaani masasisho ya usalama ya nyongeza. Kwa mtumiaji binafsi ulitangazwa kufika 13 Oktoba 2026. Unataka uwe kwenye toleo la mwisho la 10, yaani 22H2, na uwe na akaunti ya Microsoft. Mimi nauona kama muda wa kujipanga, si mahali pa kuhamia.

Karibuni. Aliye na hoja tofauti aiweke mezani.

Mpenda 10

Mkuu, mimi nabaki, na naomba nieleweke kwamba si kwa ubishi.

Kwanza, hofu inakuzwa. Defender, kinga ya virusi iliyomo kwenye Windows, itaendelea kupata taarifa za virusi vipya kwenye 10 mpaka Oktoba 2028, Microsoft wenyewe wamesema. Vivinjari navyo haviondoki siku moja na mfumo. Windows 7 iliachwa Januari 2020, Chrome ikaendelea kuihudumia hadi toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Hiyo ni miaka mitatu.

Pili, historia inawatetea wanaosubiri. Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja bila kitufe cha Start. Tuliambiwa tuzoee, ndiyo dunia inakokwenda. Mwaka uliofuata 8.1 ikakirudisha. Waliokaa zao kwenye 7 hawakupoteza kitu.

Tatu, 11 imeharibu vitu nilivyokuwa navyo. Upau wa chini nilikuwa nauweka pembeni mwa skrini, maana skrini zetu ni pana na nafasi ya kwenda juu ndiyo haba. Ilipotoka 11 uwezo huo ukaondolewa. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia, amri nusu zimefichwa, unabofya tena ili uzione. Ukiianza mashine mpya unalazimishwa akaunti ya Microsoft na intaneti. Kompyuta ni yangu, kwa nini niombe ruhusa ya mtu ndipo niiwashe?

Fundi wa ofisi

Hoja ya tatu ya mkuu hapo juu naiunga mkono mia kwa mia. Suala la akaunti linaudhi, na mteja akilalamika sina la kumtetea Microsoft.

Ila ya kwanza ni ya hatari, nisipoijibu nitakuwa sijatenda haki. Defender kazi yake ni kutambua faili mbaya na tabia mbaya. Haizibi tundu lililomo kwenye mfumo wenyewe. Tundu likiwa kwenye sehemu inayopokea mawasiliano ya mtandao, mshambuliaji hahitaji ufungue faili lolote.

Kumbukeni WannaCry, Mei 2017. Kile kirusi hakikuhitaji mtu abofye kiungo. Kiliingia kupitia huduma ya kushirikishana faili, SMB toleo la kwanza, kikaruka kutoka mashine hadi mashine chenyewe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa na kugeuza magari ya dharura. Kiraka kilikuwa kimeshatoka Machi, miezi miwili kabla. Kwa XP, ambayo ilikuwa imeachwa tangu Aprili 2014, Microsoft ilibidi watoe kiraka cha dharura moto ukiwa umeshawaka.

Mpenda 10

Mkuu umeongea, lakini huo mfano unanisaidia mimi pia. Wengi walioumia na WannaCry walikuwa kwenye Windows 7, ambayo mwaka 2017 ilikuwa bado inahudumiwa. Waliumia kwa kutoapdeti. Kwa hiyo kuwa kwenye mfumo mpya peke yake si kinga.

Fundi wa ofisi

Sahihi, mfumo mpya usioapdeti ni bure. Tofauti ni kwamba yule wa 7 alikuwa na kiraka cha kuweka, akakataa. Wewe wa 10 bila ESU hutakuwa nacho hata ukikitaka. Jiandikishe basi ESU, ubaki na 10 yako kwa amani muda huo. Hapo sina ugomvi na wewe.

Nikiwa bado hapa, kuna jambo naliona sana kazini na linawagharimu watu bure. Mtu anaambiwa mashine yake haikidhi vigezo, anakimbilia kununua nyingine, kumbe TPM ipo ila imezimwa. Fanyeni hivi: bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni tpm.msc. Ikisema haioni TPM, msikate tamaa. Ingieni BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla Windows haijawaka. Kwenye bodi za Intel mara nyingi imeandikwa PTT, kwenye AMD imeandikwa fTPM. Iwasheni, hifadhini, rudini mwangalie tena.

Kikwazo cha pili ni diski. Mashine nyingi zilipigwa Windows kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa MBR na BIOS ikiwa Legacy. Secure Boot haiwezi kuwaka hapo. Siku hizi si lazima ufute kila kitu, Windows 10 ina amri ya mbr2gpt inayogeuza diski ya mfumo bila kupoteza faili. Ikimaliza ndipo unaingia BIOS kubadili kutoka Legacy kwenda UEFI, mtindo mpya wa kuwasha mashine. Ukisahau hatua hii ya pili mashine haitawaka, na utadhani umeiua. Hujaiua, rudi BIOS.

Na bakapu kabla ya yote hayo. Bakapu iwe kwenye diski ya nje ambayo umeichomoa, si kwenye folda nyingine ya diski ileile.

Mtu wa Linux

Nimesoma kote, nashangaa Linux, mfumo mwingine wa kompyuta na wa bure, imetajwa kwenye kichwa cha uzi halafu imeachwa njiani.

Wadau, ile mashine ya 2016 aliyoisema mleta mada haina ugonjwa wowote. Weka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (toleo jingine la Linux), inapata masasisho mpaka 2029. Haiulizi una TPM au huna, haikulazimishi akaunti. Menyu iko kushoto chini, upau unaweza kuupeleka pembeni (mpenda 10, nakuita hapa), na kuapdeti kunafanyika huku unaendelea na kazi, unawasha upya ukipata nafasi.

Sisemi mfute Windows leo. Uzuri wa Linux unaijaribu bila kuiweka. Pakua Mint kwenye tovuti yao, iandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus, buti kutoka kwenye flashi. Diski yako haiguswi. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa kasi. Ihukumu kwa vifaa. Unganisha Wi-Fi, maana baadhi ya kadi za Broadcom zinataka draiva uiongeze mwenyewe. Piga muziki. Fungua kamera. Chapa ukurasa mmoja. Chomeka skana kama unayo. Kisha funga kifuniko cha kompyuta, iache ilale, fungua. Mashine nyingine huamka bila sauti au bila Wi-Fi, na hilo heri ulijue kabla ya kufuta kitu. Vyote vikipita, una mashine ya miaka mingine mingi.

Na hili si jambo la wachache wanaopenda kuhangaika. Jandarmeri ya Ufaransa (polisi wa kijeshi) inatumia toleo lake la Ubuntu kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 kwenda LibreOffice, mbadala wa bure wa Word na Excel, na Linux ikafuata kwenye mpango huohuo. Hawa ni watumishi wa kawaida wenye barua za kuandika.

Mhasibu

Naomba nipingane na mtu wa Linux, kwa heshima.

Umetaja Schleswig-Holstein, hujataja Munich. Jiji hilo lilihamisha maelfu ya kompyuta kwenda Linux, mradi ukaitwa LiMux, na mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Najua mtasema kulikuwa na siasa ndani yake. Ilikuwepo. Lakini malalamiko ya watumishi kuhusu nyaraka na programu nayo yalikuwepo.

Mimi kazi yangu ni Excel. Sizungumzii kujumlisha safu moja. Nazungumzia faili lenye makro za VBA (amri za kujiendesha ndani ya Excel) zilizoandikwa na mtu aliyeshaacha kazi, lenye Power Query inayovuta data kutoka mafaili mengine kila mwisho wa mwezi. LibreOffice Calc inaelewa baadhi ya VBA, nyingine inazikwamia. Power Query haina. Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi makro za VBA. Niambieni nihamie wapi?

Halafu kuna nyaraka. Unatuma mkataba umepangika vizuri, mwenzako anaufungua kwenye mashine isiyo na fonti ile, mistari inasogea, sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa wa 3 inaruka kwenda wa 4 peke yake. Mteja hajui habari za fonti. Anaona umefanya kazi ovyo.

Mtu wa Linux

Kwenye Power Query na makro umenishinda, siwezi kukudanganya. Mtu wa aina yako abaki Windows, na ahamie 11 mapema.

Kwenye fonti kuna dawa. Mashine nyingi za Linux zina Carlito na Caladea, zilizochongwa kwa vipimo vilevile vya Calibri na Cambria, kwa hiyo mistari haisogei. Tatizo liko kwenye Aptos, fonti ambayo Word mpya huanza nayo, hiyo Linux haiji nayo. Mkataba uliokamilika tuma PDF. Hilo ni zuri hata mkiwa wote Windows.

Mcheza gemu

Kwa upande wa gemu: Proton ya Valve, programu ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux iliyotoka 2018, imebadilisha mambo kabisa, gemu nyingi za Steam (duka la gemu la Valve) zinacheza Linux bila kugusa chochote. Ila za mashindano zenye ulinzi wa kuzuia udanganyifu, angalia kwanza. Valorant na Fortnite hazichezi. Kama ndizo gemu zako, maliza mjadala hapo, nenda 11.

Mwanafunzi

Wakuu, shikamooni. Naomba kuuliza. Prosesa yangu ni Intel kizazi cha 6, RAM GB 8. Nimeona watu wanasema Rufus inaweza kuweka 11 kwa nguvu, inaruka vigezo vyote. Kuna ubaya? Natumia kuandika kazi za chuo, kusoma PDF na mikutano ya video.

Fundi wa ofisi

Marahaba. Inawezekana, na itawaka. Ubaya uko mbele. Microsoft wanasema wazi kwamba mashine isiyokidhi vigezo haina haki ya masasisho. Kwa kawaida viraka vya kila mwezi vinaingia, lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, inabidi urudie kulazimisha kila mara. Na siku yoyote sharti linaweza kukazwa. Toleo la 11 liitwalo 24H2 lilikuja na sharti la maagizo fulani ya prosesa, SSE4.2 na POPCNT, mashine za zamani sana zikagoma kuwaka kabisa, na hapo hakuna ujanja. Kizazi cha 6 kinayo maagizo hayo, kwa hiyo hilo lisikutishe leo. Lakini mashine ya mteja siiwekei 11 kwa nguvu, kwa sababu siwezi kumwahidi mwakani itakuwaje.

Mtu wa Linux

Mdogo wangu, kazi ulizozitaja ni andiko, PDF na video. Mint inakutosha. Jaribu kwa flashi kama nilivyoeleza, na mkutano mmoja wa video uufanye ukiwa kwenye flashi hiyohiyo, kamera na maikrofoni vyote viwe vimewashwa.

Mpenda 10

Au jiandikishe ESU ubaki ulipo mpaka umalize mwaka wa masomo. Kubadili mfumo katikati ya muhula ukiwa na andiko mkononi si jambo la kukimbilia.

Mleta mada

Hapo mpenda 10 nakuunga mkono. Muda wa kuhama nao ni sehemu ya uamuzi. Mhasibu naye asihame wiki ya kufunga hesabu.

Kwa wa Mac kwa kifupi, maana nimeulizwa pembeni: hali ni ileile. Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Mwenye Mac ya Intel naye aanze kupanga.

Fundi, kuna kitu nataka ukifafanue kabla watu hawajaanza kuingia BIOS leo usiku. Nimesikia mashine nyingine baada ya kuhama zinadai namba ndefu ndipo zifunguke. Hiyo ni nini?

Fundi wa ofisi

Swali zuri, nilipaswa kuligusa nilipotaja BIOS. Huo ni BitLocker, au usimbaji wa diski kwa jina jingine. Mashine nyingi mpya zinakuja diski ikiwa imeshafungwa kwa ufunguo, na 24H2 ikipigwa upya kwa akaunti ya Microsoft, inauwasha yenyewe bila kukuuliza. Ni kinga nzuri, mwizi wa kompyuta hasomi faili zako. Lakini ufunguo unatunzwa ndani ya TPM. Ukiifuta TPM au ukigusa baadhi ya vitu vya BIOS, mashine inahisi imechezewa, inakuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Huna, hufungui. Hata mimi sikufungulii, na fundi anayekuambia anaweza anakudanganya.

Nimeletewa mashine ya mtu ikiwa kwenye skrini hiyo. Mwenyewe hakuwahi kusikia neno BitLocker maishani. Aliyemwanzishia mashine alitumia barua pepe yake, si ya mwenye mashine, kisha wakapoteana. Picha zote za familia zilikuwa mle ndani.

Kwa hiyo leo, kabla ya kugusa chochote: ingieni akaunti ya Microsoft kwenye simu, tafuteni sehemu ya vifaa, muone kama huo ufunguo wa akiba wa mashine yenu upo. Uandikeni kwenye karatasi. Kisha kwenye Windows simamisheni BitLocker kwa muda, ndipo muingie BIOS.

Mhasibu

Nimekagua yangu sasa hivi. Ufunguo upo, lakini uko kwenye akaunti ya ofisi, si yangu. Nitawaomba watu wa mifumo waniandikie kabla sijahama. Na nikihama 11 nisiipende, narudije?

Fundi wa ofisi

Ukihama kwa njia ya kuapdeti, si kwa kufuta, Windows ya zamani inabaki kwenye folda ya Windows.old. Una siku 10. Ndani ya siku hizo unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya urejeshaji, unachagua kurudi. Usiifute folda hiyo kutafuta nafasi, na usiendeshe kisafishaji cha diski. Fungua lile faili lako la makro siku ya kwanza kabisa, chapa kwenye kila printa unayotumia, ingia kila mfumo wa ofisi. Zikipita hizo siku 10, kurudi ni kupiga Windows 10 upya na kuanza kuweka programu moja moja.